Mshono wa Stenlesi Katika Nchi ya Chai

Jani bichi la chai na chuma cha kawaida havipatani. Chukua kisu kinachoshika kutu, katakata nacho majani mawili na chipukizi yaliyochumwa sasa hivi, kisha yaache na unyevu wake pale pale kwenye kisu. Muda si muda utomvu utageuka mweusi wenye kuelekea buluu. Jani la chai limejaa polifenoli, zile kemikali zinazoipa chai ukali wake ulimini, na polifenoli zikikutana na chuma huzaa rangi nyeusi. Kwa karne nyingi waandishi wa Ulaya na wa nchi za Kiarabu walitengeneza wino kwa njia hiyo hiyo: tanini ya mti, chumvi ya chuma na maji. Kinachofaa kwenye kalamu hakifai kwenye kikombe. Chai iliyochafuliwa na chuma hupoteza wekundu wake mng'avu, hufifia ikawa kama maji ya tope, na mwonjaji huihisi kwa ncha ya ulimi kabla hajaimeza.

Sasa simama Kapsoit, kilomita chache kutoka mji wa Kericho kwenye barabara ya Kisumu, pale njia ya Sondu inapochepuka. Juu yako na kusini yako, kupitia Litein na Kapkatet hadi Bomet, milima imefunikwa na michai. Kila jani linalochumwa kwenye milima hiyo hupita kwenye chuma tangu linapomwagwa kiwandani hadi linapofungwa mfukoni kama chai kavu. Hukatwa na chuma, husukumwa na chuma, hukaushwa juu ya chuma chenye matundu, huchekechwa na chuma. Na bado chai ya hapa husifiwa duniani kwa rangi yake.

Historia ya chai ya Kericho imesimuliwa mara nyingi kama historia ya ardhi, na ni haki isimuliwe hivyo. Lakini ipo historia nyingine iliyokwenda sambamba nayo, ya chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi wetu hukiita stenlesi, na hasa ya namna watu walivyojifunza kukiunganisha bila kukiharibu. Nasisitiza kuunganisha kwa sababu bati zuri la stenlesi hununuliwa dukani likiwa limekamilika, na heshima yake ni ya kiwanda kilicholiyeyusha. Mshono haununuliwi. Mshono hufanywa na mtu, mahali alipo, kwa mkono wake, na mashine nzima huwa na thamani ya mshono wake dhaifu kuliko yote.

Tuanze na ardhi kwa ufupi. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilitenga maelfu ya ekari za ardhi ya Wakipsigis kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliotoka na majeraha katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maofisa hao walikusudia kulima kitani. Bei ya kitani ikaporomoka, mradi ukafa, na kufikia mwaka 1925 ardhi ikaanza kuingia mikononi mwa kampuni za chai: Brooke Bond, na pamoja nayo African Highlands Produce, tawi la James Finlay wa Glasgow. Wenyewe hawakurudishiwa. Kuanzia mwaka 1934 ukoo wa Talai, uliokuwa na mamlaka ya kiroho miongoni mwa Wakipsigis, ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mashine nazo zikaja: zilishushwa bandarini Mombasa, zikapanda reli hadi stesheni ya Lumbwa, ambayo leo tunaiita Kipkelion, na kutoka hapo zikamaliza safari kwa njia ya udongo unaojulikana kwa utelezi wake.

Mashine za wakati huo zilikuwa za mtindo wa Assam na Ceylon. Kulikuwa na meza kubwa ya duara yenye migongo ya shaba ya njano, na juu yake sanduku la mviringo lisilo na kitako, lililozunguka likiyaviringisha majani hadi yatoe utomvu. Shaba ya njano ilichaguliwa kwa sababu hailipi jani weusi kama chuma. Lakini ni laini, huisha kwa msuguano, na ikipasuka haikubali welding kirahisi, maana zinki iliyomo huchemka na kupotea hewani kabla shaba yenyewe haijatulia. Fundi wa kiwanda cha miaka hiyo alitegemea misumari ya kupigilia, skrubu na risasi ya kulehemu.

Chuma ambacho kingemwondolea fundi huyo taabu tayari kilikuwa kimezaliwa. Mwaka 1912, katika maabara ya Krupp mjini Essen, Ujerumani, Benno Strauss na Eduard Maurer walikuwa wakichanganya chuma na kromi na nikeli. Vipande vilivyokuwa na takriban asilimia 20 ya kromi na asilimia 7 ya nikeli vilikaa kwenye hewa yenye mivuke ya asidi bila kubadilika. Krupp wakaomba hataza mwaka huo huo, na chuma hicho wakakiita V2A. Mwaka uliofuata, Agosti 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alimimina chuma chenye kromi asilimia 12.8. Alikuwa ametumwa kutafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholiwa haraka na moto wa baruti. Ili kukichunguza kwa hadubini ilimbidi kukilisha asidi kwanza, na asidi ikakataa kukila. Brearley, mtoto wa myeyushaji chuma aliyeacha shule mapema, alitambua kwamba alichoshika kilifaa visu kuliko bunduki. Watengeneza visu wa Sheffield walimpuuza, mpaka Ernest Stuart wa kiwanda cha Mosley alipokijaribu kwa siki na kuridhika.

Hizi ni koo mbili tofauti, na fundi asiyezitofautisha atapata hasara. Chuma cha Brearley huvutwa na sumaku, hukubali kukomazwa kwa moto hadi kiwe kikali, na kikichomelewa bila uangalifu hupasuka. Chuma cha Essen, chenye nikeli, hakivutwi na sumaku, hukunjika bila kuvunjika, na huungana vizuri. Viwanda vya chai, vya maziwa na vya bia duniani vimejengwa kwa ukoo huu wa pili. Aina yake iliyozoeleka zaidi ilitengenezwa Sheffield mwaka 1924 na William Hatfield, aliyeshika nafasi ya Brearley: kromi asilimia 18, nikeli asilimia 8. Leo mafundi huiita 304.

Siri ya koo zote mbili ni kromi. Ikifika asilimia 10.5 hivi ya uzito, hukutana na oksijeni ya hewa na kujenga utando wa oksaidi wenye unene wa nanomita chache tu, usioonekana kwa macho. Utando huo ndio unaokizuia chuma kilicho ndani kisiguswe na maji wala utomvu wa jani. Ukiukwaruza, hujifunga tena wenyewe mradi hewa ipo, kama ngozi ya mtoto inavyopona mchubuko. Kromi ikipungua chini ya kiwango hicho mahali popote, hata kwenye mstari mwembamba kuliko unywele, utando hautajifunga hapo. Jambo hili ndilo kiini cha yote yatakayofuata.

Karibu mwaka 1930, William McKercher, msimamizi wa shamba la chai la Amgoorie kule Assam, alibuni mashine iliyobadilisha chai ya dunia. Badala ya kuliviringisha jani mezani, alilipitisha kati ya rola mbili zenye meno zinazozunguka kuelekeana kwa kasi zisizolingana, moja ikienda mara kumi ya mwenzake, kwa mfano mizunguko 70 na 700 kwa dakika. Jani likiingia katikati hupondwa, huraruliwa na kukunjwa kwa pamoja. Hiyo ndiyo CTC, kwa Kiingereza crush, tear, curl. Chai inayotoka ni punje ndogo nzito, inatoa rangi haraka kwenye maji moto, na inafaa kabisa maziwa na sukari.

Kenya haikuikumbatia CTC mara moja. Hadi miaka ya 1950 Waafrika wengi hawakuruhusiwa kulima chai. Mpango wa Swynnerton, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni wa mwaka 1954, ukaufungua mlango, kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kikajengwa Ragati, Nyeri, mwaka 1957, mamlaka maalum ikaundwa mwaka 1960, na mwaka 1964 ikawa KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo. Katika miaka ya 1970 viwanda vya wakulima wadogo viliachana na meza za kuviringishia na kugeukia rola za CTC. Leo zaidi ya wakulima laki sita huuza majani yao kupitia viwanda vilivyo chini ya KTDA. Katika kaunti ya Kericho pekee kuna Litein, Kapkatet, Momul, Tegat na Toror, kila kimoja na safu zake za rola, mikanda yake, vikaushio vyake. Kugeukia CTC kulimaanisha jambo moja kwa fundi wa kiwanda: stenlesi ikawa kila mahali.

Inafaa kuitazama rola ya CTC kwa karibu, kwa kuwa hakuna kifaa kinachoheshimiwa zaidi katika kiwanda cha chai. Si kipande kimoja. Ni mhimili uliopangwa vipande vya duara vya stenlesi, kimoja baada ya kingine, vikabanwa pamoja, kisha vikachongwa meno juu yake: meno 8 au 10 kwa kila inchi. Nafasi kati ya rola na mwenzake ni sehemu ndogo ya milimita. Jani lililonyaushwa usiku kucha, likiwa bado na unyevu wa karibu asilimia 70, hupita seti tatu au nne za rola kwa mfululizo na kutoka likiwa kama unga mbichi wa kijani unaoanza kugeuka kahawia mbele ya macho yako. Meno yakiwa butu, rola hulikanda jani badala ya kulikata, na chai hutoka na mabapa na rangi isiyokolea. Kwa hiyo rola hushushwa kila baada ya muda, hupelekwa kwenye mashine ya kuchongea, na fundi huyarudisha meno upya kwa subira kubwa. Kila uchongaji hupunguza kipenyo. Rola nzuri huchongwa mara nyingi kabla vipande vyake havijaondolewa.

Jambo moja la rola hizi hunifurahisha kila nikilifikiria. Stenlesi ya 304 haivutwi na sumaku. Lakini ikigongwa na kusuguliwa ikiwa baridi, mpangilio wa chembe zake ndani hubadilika na ikapata usumaku kidogo. Chembe zinazomomonyoka kwenye meno ya rola zimegongwa na kusuguliwa kuliko chuma chochote kiwandani. Ndiyo maana sumaku kali zinazopangwa kwenye mikanda ya kuchambulia chai huweza kuzinasa, ingawa rola yenyewe ukiigusisha sumaku pale ilipo laini haishiki. Uharibifu wenyewe umeleta njia ya kuusafisha.

Turudi nyuma kidogo, kwenye miaka ya 1920, kwa maana hapo ndipo ulipoonekana ugonjwa uliokaribia kuimaliza sifa ya chuma hiki. Viwanda vya kemikali vya Ujerumani na Uingereza vilikuwa vimeanza kujenga matangi ya asidi kwa stenlesi ya Essen, na matangi hayo yaliunganishwa kwa welding. Baada ya miezi kadhaa yakaanza kuvuja. Ajabu ni kwamba mshono wenyewe ulikuwa mzima. Kilicholiwa ni mstari mwembamba milimita chache kando ya mshono, kulia na kushoto, ukiufuata mshono mwanzo hadi mwisho. Bati lilikuwa zima, mshono ulikuwa mzima, na kati yao chuma kilikuwa kimegeuka changarawe.

Strauss mwenyewe na wenzake walieleza chanzo mwaka 1930, na mwaka 1933 Edgar Bain na wenzake nchini Marekani wakakithibitisha kwa undani. Mkosaji alikuwa kaboni. Stenlesi ya wakati huo ilikuwa na kaboni kama sehemu moja kwa elfu, kiasi kinachoonekana si kitu. Chuma kikiwa baridi, kaboni hiyo hukaa imetawanyika na haina madhara. Kikiwa kimeyeyuka pia haina neno. Lakini kati ya nyuzi 450 na 850 za Selsiasi, kaboni hukimbilia mipaka ya chembe za chuma na kuvuta kromi kuungana nayo kuwa kabidi. Kromi inayovutwa ni nyingi kuliko kaboni yenyewe, na haitoki mbali: huchukuliwa pale pale mpakani. Hubaki mstari uliokauka kromi, chini ya ile asilimia 10.5. Bati linapochomelewa, pembeni mwa mshono ndiko kunakokaa ndani ya joto hilo la hatari, si mshono wenyewe. Asidi ikija huufuata mstari huo hadi chembe ziachane.

Tiba tatu zilijaribiwa. Ya kwanza ni kulipasha tangi lote hadi zaidi ya nyuzi 1,000 na kulipoza kwa maji ghafla, ili kaboni irudi kutawanyika. Kwa kisu au kijiko hilo linawezekana. Kwa tangi lenye urefu wa nyumba ni ndoto. Ya pili ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1930: tia ndani titani au niobi, madini yanayoipenda kaboni kuliko kromi inavyoipenda, ili kaboni iwaoe hao na kuiacha kromi. Ilifanya kazi, na aina hizo bado zipo, 321 na 347. Ya tatu ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitenda: ipunguze kaboni hadi asilimia 0.03. Tatizo ni kwamba ukiipuliza oksijeni kwenye chuma kilichoyeyuka ili kuichoma kaboni, kromi nayo huungua. Unaondoa adui na kumpoteza rafiki ghali.

Mwanya ulipatikana Marekani. William Krivsky, mtafiti wa Union Carbide, alianza katikati ya miaka ya 1950 kuchanganya oksijeni na argoni, gesi tulivu isiyoshirikiana na kitu. Argoni hupunguza nguvu ya gesi inayotokana na kaboni ndani ya chuma, na hivyo kaboni huondoka huku kromi ikibaki. Kiwanda cha Joslyn kule Fort Wayne, Indiana, kilianza kuzalisha kwa njia hiyo mwaka 1968, na leo sehemu kubwa ya stenlesi duniani hupita kwenye chombo cha namna hiyo. Bei ya stenlesi yenye kaboni ndogo ikashuka hadi mtu wa kawaida akaimudu. Ile herufi L unayoiona kwenye bati la 304L au kwenye pakiti ya rodi za 308L ni kaboni hiyo iliyopunguzwa. Tazama tarehe: viwanda vya wakulima wadogo vya Kenya viligeukia CTC miaka ile ile chuma hiki kilipokuwa nafuu. Sidhani wahandisi wa KTDA walikuwa wakiwaza juu ya Fort Wayne, lakini kazi yao isingekuwa rahisi hivyo miaka 20 nyuma.

Argoni ina sehemu nyingine kwenye hadithi hii. Welding ya rodi yenye koti, ile inayotumika kila mtaa, ilibuniwa na Oscar Kjellberg wa Uswidi mwanzoni mwa karne ya 20. Koti la rodi huungua na kuukinga mshono dhidi ya hewa. Mwaka 1941, Russell Meredith wa kampuni ya ndege ya Northrop, California, alikuwa akitafuta njia ya kuunganisha magnesiamu bila kuiwasha moto. Alitumia ncha ya tangsteni, ambayo haiyeyuki hadi kupita nyuzi 3,400, akaizungushia pumzi ya gesi ya heliamu, na waya wa kujazia akautia kwa mkono mwingine. Baadaye heliamu ikabadilishwa na argoni, iliyo nafuu zaidi, na njia ikaitwa TIG. Kwa stenlesi nyembamba ya mashine za chakula hakuna njia iliyoishinda.

Kapsoit, kama vituo vingine vya barabara hii, ina safu za karakana za jua kali zilizofunguka barabarani: mageti, madirisha, matangi, fremu za vitanda, trela za kuvutwa na trekta. Ni mahali ambapo fundi aliyewahi kufanya kazi kiwandani hufungua cha kwake, na ambapo kazi ndogo zisizongoja fundi wa kiwanda huletwa. Majina kwenye mageti ya mashamba makubwa yamebadilika katika miaka hii, Unilever ikiuza chai yake mwaka 2022, mashamba ya Finlay yakienda kwa Browns ya Sri Lanka mwaka 2023 na yale ya iliyokuwa Unilever yakifuata mwaka 2024. Mikono inayoziba nyufa za mifereji ya majani haijabadilika.

Mtazame fundi anayeijua stenlesi akiziba ufa kwenye mfereji wa bati la milimita 2 unaoshusha majani kutoka rola moja hadi nyingine. Kabla ya kuwasha chochote, husafisha. Brashi yake ya waya ni ya stenlesi, na haijawahi kugusa chuma cha kawaida. Diski ya grenda pia ni yake peke yake. Sababu yake ni kwamba chembe za chuma cha kawaida zikipachikwa juu ya stenlesi zitashika kutu zenyewe, na mwenye mali atasema stenlesi imeshika kutu. Hutoboa tundu dogo mwishoni mwa ufa ili usiendelee. Hushikiza kwa alama ndogo ndogo zilizokaribiana kuliko angefanya kwa chuma cha kawaida, kwani stenlesi hutanuka kwa joto karibu mara moja na nusu ya chuma cha kawaida, na hupitisha joto kwa theluthi moja tu ya kasi. Joto hukaa pale pale mkononi mwake na bati hujikunja kama hakulibana. Nyuma ya ufa huweka kipande cha shaba kinachonyonya joto.

Kisha hupunguza umeme chini ya ule ambao angetumia kwa chuma cha kawaida na kwenda kwa mwendo wa haraka, bila kuyumbisha mkono kushoto na kulia. Anaunga sehemu fupi, anasimama, anagusa, anaungojea mshono upoe, anahamia upande mwingine. Rangi humpa hukumu papo hapo. Fedha au dhahabu hafifu ni njema: argoni imekinga. Buluu na zambarau ni onyo kwamba oksijeni imepenya au joto limezidi. Kijivu cheusi chenye mikwaruzo kama makaa ni kazi iliyokufa, hata kama imeshika. Rangi hiyo si uchafu wa kufutwa kwa kitambaa, kwa kuwa chini yake kuna tabaka lililopungukiwa kromi. Huondolewa kwa kung'arishwa au kwa dawa ya asidi.

Kazi ya chakula hudai jambo zaidi. Mshono wenye vishimo, hata ukiwa na nguvu, huhifadhi utomvu wa majani na maziwa yaliyoganda. Bakteria hukaa humo na maji ya kuoshea hayawafikii. Kwa bomba, upande wa ndani usioonekana ni muhimu kuliko wa nje, na fundi mzuri huziba pande zote mbili za bomba na kulijaza argoni kabla hajaanza. Anayelipwa kwa saa na kuharakishwa huruka hatua hiyo, na upande wa ndani huchanua kama sukari iliyoungua. Mnunuzi hataiona. Chai itaionja.

Kuna ulaghai wa sokoni ambao fundi wa Kapsoit lazima aujue, na ambao wateja wengi hawaujui. Siku hizi mabomba ya kung'aa yanayouzwa kwa mageti na vizuizi vya ngazi mengi ni ya familia ya 201. Wakati nikeli ilipokuwa adimu, katikati ya karne ya 20, watengenezaji walipunguza nikeli na kutia manganizi badala yake. Si chuma kibaya mahali pakavu. Lakini Kericho hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na baada ya misimu michache 201 huanza kuonyesha madoa ya kahawia. Mteja aliyeambiwa ajaribu kwa sumaku hudanganyika, kwa kuwa 201 haivutwi na sumaku pia. Uchunguzi wa kweli ni cheti cha kiwanda kilichoyeyusha au dawa ya matone inayotambua manganizi. Na mtu anayetaka kuweka stenlesi karibu na bahari, Mombasa au Malindi, hata 304 haimtoshi. Anahitaji 316 yenye molibdeni asilimia 2 hadi 3, kwani chumvi ya bahari hutoboa vishimo kwenye utando.

Moshi pia ni sehemu ya historia hii, na nauandika kwa uchungu. Stenlesi ikichomelewa, sehemu ya kromi yake hugeuka mvuke, na baadhi ya kromi hiyo hupata umbo la daraja la sita, ambalo husababisha saratani ya mapafu. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka moshi wote wa welding katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Moshi wa stenlesi ni mkali kuliko wa chuma cha kawaida. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote, na miwani ya jua haikingi macho. Karakana iliyofunguka barabarani ina hewa, lakini fundi aliyeingia ndani ya tangi kuunga mshono wa ndani anahitaji feni ya kunyonya moshi na barakoa ya kuchuja. Anaposema amezoea, anasema mapafu yake yameacha kumwambia. Na dawa ya asidi ya kung'arishia mishono ina asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi bila kuuma mwanzoni na kufika mfupani. Aguse kwa glavu au asiguse kabisa.

Vijana wanaojifunza welding Kericho na Bomet hupimwa kwa mitihani ya ufundi ya serikali, daraja la tatu, la pili na la kwanza, chini ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Wengi wao hujifunzia chuma cha kawaida, kwa sababu rodi ya stenlesi ni ghali mara kadhaa na mtungi wa argoni ni ghali zaidi. Hukutana na stenlesi kwa mara ya kwanza siku wanapoajiriwa, juu ya mali ya mtu mwingine. Eneo hili linauza chai ya mabilioni ya shilingi kila mwaka kwenye mnada wa Mombasa. Kila chuo cha ufundi katika kaunti hizi mbili kinaweza kupewa mtungi wa argoni, mabati ya 304L, waya wa 308L na mkufunzi aliyetoka kwenye karakana ya kiwanda cha chai. Mwanafunzi aunge bomba, kisha lipasuliwe katikati kwa msumeno, na alama zake zitolewe kwa kuutazama upande wa ndani.